Kutenga taka ni wajibu wa mwenye nyumba

Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu (s.w.), na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), aali zake na masahaba zake.

Ndugu Waislamu, katika miaka ya 1960 mtaalamu wa mambo ya kale, Neville Chittick, alichimba Kilwa Kisiwani. Sehemu kubwa ya tunayoyajua kuhusu maisha ya mji ule yametokana na vilivyotupwa na wakazi wake: vigae vya vyungu, vipande vya sahani za China, shanga za kioo. Taka za wazee wetu zilikaa ardhini karne nyingi bila ya kumdhuru mtu. Sisi tunatupa betri, taa za umeme zenye zebaki, chupa za plastiki na dawa zilizopitwa na muda, tukazichanganya na maganda ya muhogo, kisha tukazimwaga ufukweni au kwenye mikoko.

Ubaya umo katika kule kuchanganya. Machicha ya nazi yakiwa peke yake ni chakula cha kuku, na maganda ni mboji ya kutilia shinani mwa mnazi. Chuma chakavu na chupa vina wanunuzi. Vikishachanganyika, vyote hugeuka uchafu. Vikichomwa uani, watoto huvuta moshi wa plastiki. Vikiachwa mvuani, sumu ya betri huweza kupenya katika mawe ya chokaa ya pwani yetu hadi kwenye visima tunamochota maji ya kunywa na ya udhu.

Mtume (s.a.w.) alituhadharisha tusichafue njia, vivuli na mahali pa maji, na akafundisha kuwa kuondoa udhia njiani ni sehemu ya imani. Basi vipi kwa yule anayeuweka udhia huo kwa mkono wake?

Serikali ilipiga marufuku mifuko ya plastiki Tanzania Bara kuanzia tarehe 1 Juni 2019. Marufuku hiyo haikuhusu chupa za maji wala betri. Hizo zimebaki mikononi mwetu.

Wapo wasemao: nitenge ya nini, ilhali mwenye kuzoa atazichanganya tena? Jawabu ni kwamba gari la taka na dampo salama ni jukumu la halmashauri, na ni haki yetu kulidai. Lakini kutenga ni jukumu la mwenye nyumba, kwani hakuna mwingine awezaye kulitekeleza kwa niaba yake. Tena, kilichogeuzwa mboji uani hakihitaji gari.

Njia ni nyepesi. Weka vyombo vitatu: cha vinavyooza, cha vinavyouzika, na cha vyenye hatari. Hiki cha tatu kiwe na mfuniko, kiwe mbali na watoto, na vioo vilivyovunjika vifungwe kabla ya kutiwa humo. Kisitupwe kisimani, chooni wala baharini. Kihifadhiwe pakavu mpaka kikabidhiwe kwa wahusika. Maimamu walieleze jambo hili mimbarini, na walimu wa madrasa waanze nalo katika nyua zao.

Twamuomba Allah atutakasie nyoyo zetu na majumba yetu. Amin.