SAFARI YA KWANZA ULAYA MKIWA WAWILI: MIJI MIWILI INATOSHA JAMANI!

Leo naomba mnivumilie, maana nataka kusema jambo ambalo najua nusu yenu mtanirukia.

Kuna wapenzi wawili, watu maarufu, majina kapuni maana sitaki kesi na mtu. Mwezi uliopita kila ukifungua simu unawakuta wao tu. Leo Milan, kesho Venice, keshokutwa Florence, mara Roma, mara Napoli. Miji mitano kwa siku nane, nguo sijui ngapi, na kila picha wanacheka kama watu wasiojua kuchoka. Mitandao ikawaka. "Mapenzi ndo haya." "Ya Rabi nami nipe wangu." Hata mie nilitia kopa, sikatai.

Mimi na wao hatuna ugomvi. Ugomvi ulianza zile picha zilipoingia nyumbani kwetu.

Binti mjomba wangu kaolewa mwaka jana. Mumewe, shemeji yangu, ni kijana wa Kiwengwa. Mnaoujua ukanda ule wa mashariki ya Unguja mnaelewa, kwa wingi wa Wataliana kule mtoto anajua "ciao" kabla hajajua salamu ya Kiingereza. Shemeji katembeza wageni miaka sita, Kitaliano anakimwaga kama maji. Kuna mzee mmoja na mkewe kutoka Napoli, wageni wake wa muda mrefu, kila wakija wanamwambia, "Na wewe lini utakuja kwetu?" Basi wakaamua na mkewe, fungate yao waliyoikosa wataifanya Italia. Usiku tisa. Roma kidogo, Napoli kidogo. Wataondoka masika, wakati hoteli za pwani nyingi zimefunga na kazi hamna. Pesa wameziweka kwa shida, yeye kwa bakshishi za wageni, mwenzake kwa hina, keki na mchezo wa akina mama.

Mpango mzuri au sio? Sasa shemeji akaziona zile picha.

Wiki moja tu, miji miwili ikawa mitano. Akapiga hesabu, pesa hazitoshi. Akamgeukia mkewe kwa sauti ya upole ile mnayoijua: "Si tuweke zile bangili zako rehani kwa sonara, tukirudi tunazikomboa?"

Bangili za harusi, jamani! Dada wa watu akaja kwangu, kanyamaza, anazizungusha mkononi tu. Akaniuliza, "Mie nikikataa nitaonekana simpendi?"

Hapo ndo nikasema hili lazima niliandike.

Mimi sijafika Ulaya, nawaambia mapema msije kunisuta. Nimeishia kidato cha nne. Lakini miaka minne nimekaa mapokezi kwenye hoteli ndogo hapa Mji Mkongwe, na wapenzi wa kila aina wamepita mbele ya meza yangu. Wanaokuja usiku mmoja na wanaokuja usiku tano nawajua hata kabla hawajafungua pasipoti. Wa usiku mmoja anauliza, "Intaneti nywila gani? Teksi ya Nungwi saa ngapi?" Asubuhi anakimbizwa shamba za viungo, mchana Changuu kuwaona makobe, jioni yuko njiani. Sisi wenyeji tunawacheka. Tunasema masikini, wamelipa pesa yote ile kuja kutazama nchi kwenye kioo cha gari.

Aliyekaa usiku tano siku ya tatu ananisalimia kwa Kiswahili. Anamjua muuza kahawa wa Jaws Corner, anajua Forodhani asile kwa nani, kashapotea vichochoroni mara nne na mara ya tano kafika mwenyewe. Anapoondoka anaaga. Mgeni mmoja wa usiku mmoja aliwahi kuniandikia baadae, kaniletea picha ya mlango, ananiuliza huu mlango aliupigia kwetu au Lamu!

Sasa sisi tuliowacheka miaka yote, zamu yetu ikifika tunataka kwenda kufanya yale yale, tena kwa bangili za mke.

Na hizo picha msizione hivo. Usione vyaelea, vimeundwa. Waliwahi kuja kwetu wapenzi wengine maarufu kutoka Dar, nao majina kapuni. Usiku mmoja. Saa nzima wako mlangoni wanapiga picha, nguo zinabadilishwa, mpiga picha wao anatoka jasho, kijana wa begi kasimama na pasi mkononi. Darini kwetu kuna mahali pazuri pa kukaa wawili mkaliangalia jua linazama, wala hawakupanda. Kisha kwenye mtandao ikawa "siku tatu za mapenzi Zanzibar". Nilicheka peke yangu. Wale walikuwa kazini. Huenda kuna aliyelipia chumba, aliyelipia nguo na aliyelipia tiketi. Wewe unaenda kwa pesa ya hina, unashindana na mtu aliye kazini, wapi na wapi?

Tukae tupige hesabu ya kweli. Italia treni za kasi zipo, hilo sibishi. Roma mpaka Florence ni kama saa moja na nusu. Roma mpaka Napoli ni kama saa moja na dakika kumi. Florence mpaka Venice ni kama saa mbili. Ukisoma hivo unasema aa, kumbe karibu. Lakini mimi wa mapokezi nakwambia, safari ya kuhama mji haianzi kituo cha treni. Inaanza pale mnapofunga mabegi. Chumba kwa kawaida unatakiwa ukiache asubuhi, saa nne au saa tano. Kule unakokwenda chumba unapewa saa nane, pengine saa tisa. Katikati hapo mnaburuta mabegi, mnatafuta pa kuyaweka, mnatafuta choo, mnagombana. Kila mkihama, nusu siku imekwenda. Miji mitano ni kuhama mara nne. Siku mbili nzima za fungate mmezilipia ili kufunga zipu.

Kuna na hili, waandishi wa safari wengi hawatuandikii sisi. Mwezi wa tano Roma jua linazama baada ya saa mbili usiku. Isha inasogea huko, na alfajiri inaingia mapema mno, sio kama kwetu ambako magharibi haibanduki kwenye saa kumi na mbili na ushee mwaka mzima. Sasa mkiwa na treni ya asubuhi kila baada ya siku mbili, mtalala lini? Mkikaa mji mmoja siku tano mnajipanga. Roma kuna msikiti mkubwa, ulifunguliwa 1995, ni miongoni mwa mikubwa kabisa Ulaya. Binti mjomba anataka asali Ijumaa moja pale. Maduka ya nyama ya halali yapo mitaa ya Esquilino karibu na kituo cha Termini, lakini lazima uwe na siku ya kuyatafuta. Mwenye haraka analala na biskuti.

Hata hiyo miji yenyewe imewachoka wapita njia. Venice tangu Aprili 2024 walianza kutoza wageni wa kutwa, wanaoingia asubuhi na kutoka jioni, kwenye siku maalumu za msimu. Ilianzia yuro 5. Anayelala hotelini pale halipi hiyo, ana kodi yake ya kulala. Yaani mji mzima unakwambia, ukija kaa, usije kutuvuruga ukaondoka. Nasi Mji Mkongwe wetu, urithi wa dunia tangu 2000, tungekuwa na ulimi si tungesema hayo hayo?

Sasa najua jibu lenu. "Wewe dada, sisi sio Wazungu wa kuondoka wakitaka. Viza ngumu, nauli ghali, lini tutarudi tena? Bora tuone vyote." Shemeji alinambia hivyo hivyo, na wallahi ni neno zito. Pasipoti yetu ina kazi. Maombi ya viza yanafanyika Dar, kwa hiyo kwanza mnapanda boti, tena wote wawili maana alama za vidole hazitumwi na mtu. Ada ya viza ya Schengen kwa mtu mzima ni yuro 90 tangu Juni 2024. Wawili ni yuro 180, zaidi ya shilingi laki tano, na mkinyimwa hairudi. Bima ya safari iwe ya kufikia yuro 30,000. Hapo msinune, maana na sisi mgeni akiingia Zanzibar tangu Oktoba 2024 tunamtoza bima dola 44.

Lakini kwa sababu hiyo hiyo ndo nasema mpunguze miji. Kitu unachokipata mara moja hukili huku unakimbia. Ukirudi na picha mia tano za miji mitano usijue ipi ya wapi, umeona nini? Na tusidanganyane kuhusu viza. Mpango mwepesi unaelezeka. Roma usiku tano, Napoli usiku nne, hoteli hizi hapa, mwenyeji wetu huyu hapa, kazi zetu tunazorudi kuzifanya hizi hapa. Mkipeleka miji mitano na pesa ya rehani iliyoingia benki juzi kwa mkupuo, msishangae mkiulizwa imetoka wapi.

Basi kwa wanaopanga, chukueni haya ya bure kutoka kwa mwenzenu.

Kwanza, kila mmoja aandike kwenye karatasi yake kitu kimoja tu ambacho akikikosa atalia. Kimoja. Msioneshane mpaka mmalize. Miji ichaguliwe kutoka hapo, sio kutoka kwenye simu.

Pili, anzeni mapema. Maombi yanapokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari, na yasiwe chini ya siku 15. Tiketi ya ndege ya kulipia moja kwa moja subirini viza itoke, kwanza wekeni nafasi tu. Cheti cha ndoa kiwe karibu. Viza ikishapatikana, tiketi za treni za kasi nunueni mapema, kadiri siku zinavyokaribia ndo zinavyopanda.

Tatu, miji yenu ikiwa mbali mbali, ingieni kwa mmoja mtokee mwengine, msirudi nyuma bure. Ikiwa karibu kama Roma na Napoli, kwenda na kurudi Roma hakuna neno.

Nne, pesa ijulikane ni ya nani na ni ngapi kabla ya boti ya kwanza. Na dhahabu ya mke ni ya mke. Hiyo ndo akiba yake siku mambo yakiharibika. Mume wa kweli haiombi kwa ajili ya daraja la kupigia picha. Hapa nitukaneni mnavyotaka, sirudi nyuma.

Na tano, msitangaze. Viza haijatoka, mtu kashaandika "Ulaya tunakuja"! Mkinyimwa mtajificha wapi?

Basi shemeji nilimkalisha barazani, mimi na mkewe, tukampa karatasi. Alikaa nayo muda mrefu. Alichoandika sio Milan wala Venice. Kaandika jina la yule mzee wa Napoli, na chini yake: "Nile pizza nyumbani kwao." Mtu kalelewa na pizza ya Forodhani huyu, ile ya yai na nyama ya kusaga inayokunjwa kwenye kikaango! Hao Wanapoli upishi wao wa pizza UNESCO waliutia kwenye orodha ya urithi mwaka 2017. Nikamwambia nenda, ukirudi utatuambia ipi ni ipi. Mkewe kaandika Ijumaa ya Roma, na kunywa kahawa mahali bila mtu kumwambia tuondoke. Nikawaongeza moja niliyofunzwa na wageni: kule kahawa ukinywa umesimama kaunta mara nyingi ni rahisi kuliko ukikaa mezani. Kwa hiyo ile siku moja ya kukaa, kaeni, lipeni, msitazame saa.

Kwa hiyo ni Roma na Napoli, kama walivyoanza. Wiki ijayo wanapanda boti kwenda kutia vidole. Sijui watapewa au watanyimwa, tuwaombee. Jana nilikwenda kwao, bibie akanikorogea chai, na bangili zikawa zinagonga kikombe. Sikusema kitu, nikanywa chai yangu.

Haya, uwanja wenu. Ungekuwa wewe na mwenzio, usiku tisa, ungechukua miji mingapi? Na nyie akina kaka mnaosema bangili ni "za familia", njooni hapo chini tuonane.