Barua ya wazi kwa Mamlaka ya Ziwa Tanganyika: regyuleta nayo ina haki ya fundi

Kwa Mheshimiwa Mkurugenzi Mtendaji,
Mamlaka ya Ziwa Tanganyika,
Bujumbura

Mheshimiwa,

Uvira, upande wa Kongo, haina uhaba wa mafundi. Kutoka Kavimvira hadi bandari ya Kalundu, injini ya boti ikigoma asubuhi, aghlabu usiku imeshafunguliwa, imesafishwa, na wavuvi wa ndagala wako kazini. Regyuleta ndiyo iliyokosa wa kuishughulikia. Ni kile kifaa anachokiuma mpiga mbizi mdomoni ili avute hewa ya mtungi. Barua hii inaiomba Mamlaka ikipatie fundi, vipuri na karakana, kwa ajili ya nchi zote nne zinazolizunguka ziwa.

Ombi lenyewe si la anasa za watalii. Sehemu kubwa ya yale yanayojulikana kuhusu mwambao wa miamba wa Tanganyika yamejulikana kwa sababu watu walishuka kuyatazama. Mwishoni mwa miaka ya 1970 na katika miaka ya 1980, watafiti wa Kijapani na wenzao wa Zaire ya wakati ule walipiga mbizi kusini mwa Uvira wakihesabu samaki wa jamii ya siklidi, jiwe kwa jiwe. Ziwa hili lina zaidi ya spishi 200 za samaki hao, na karibu zote haziishi penginepo duniani. Wafugaji wa samaki wa mapambo huko Ulaya wanalijua jina la Bemba, kijiji cha mwambao huu, kwa sababu tu ya siklidi wake aina ya Tropheus wenye mkanda wa rangi ya machungwa. Mwaka 1993 jarida la Conservation Biology lilichapisha utafiti wa Andrew Cohen na wenzake kuhusu tope linaloporomoka kutoka milima iliyokatwa miti: penye tope jingi, aina za viumbe wa miambani zilikuwa chache. Wavu wa mvuvi haufiki katikati ya mawe hayo. Jicho la mpiga mbizi hufika.

Kisha ukaja mradi wa bayoanuwai ya Ziwa Tanganyika, uliogharimiwa na Mfuko wa Mazingira Duniani kuanzia 1995 hadi 2000. Ulifundisha watafiti wa Kongo, Burundi, Tanzania na Zambia kupiga mbizi, nao wakapima ziwa kwa njia moja, huku vita vikiwa vimekwisha kuipitia Uvira mwaka 1996 na kurudi tena 1998. Ilikuwa kazi ya heshima. Lakini miradi ya aina hii ina kawaida yake: vifaa hununuliwa mwaka wa kwanza, hupigwa picha, na bajeti huisha kabla ya pete za mpira za regyuleta kuisha.

Na mpira huisha. Mtungi uliojazwa huwa na shinikizo la takriban bar 200, ambalo hakuna pafu linaloweza kulipokea. Kipande cha regyuleta kilichofungwa mtungini hulishusha hadi bar 9 au 10 hivi juu ya shinikizo la maji yanayomzunguka mtu. Kile cha mdomoni humpa hewa laini kila avutapo pumzi. Regyuleta ya kisasa ina mzizi wake katika ubunifu wa Wafaransa wawili, Jacques Cousteau na Émile Gagnan, wa mwaka 1943. Ndani mna springi, vali, viwambo, chujio na oringi, yaani pete za mpira, na vya mpira huzeeka hata vikilala kabatini. Kwa sababu hiyo watengenezaji wengi huagiza sevisi kila mwaka au baada ya mbizi 100, wengine kila miaka miwili, kifaa kiwe kimetumika au hakikutumika.

Regyuleta iliyochoka huwa na tabia mbili. Ama hufoka hewa bila kukoma, mtungi ukaisha kwa dakika chache, ama huwa nzito kuvuta, pole pole, hata mwenyewe akaizoea asijue. Maji ya Tanganyika nayo, ingawa si ya bahari, yamejaa madini, na pH yake hukaribia 9. Yakikaukia ndani ya kifaa huacha ukoko.

Tena ziwa liko juu, karibu mita 770 kutoka usawa wa bahari. Majedwali ya kupiga mbizi yaliyotungwa kwa ajili ya pwani hayatumiki hapa bila kurekebishwa. Mashirika ya mafunzo huanza kuyarekebisha kuanzia mita 300. Anayelazimika kupanda haraka kwa kuwa hewa imemwishia anaweza kupata maradhi ya kupanda ghafla, na Uvira haina chumba cha shinikizo cha kumtibu. Zanzibar anayepatwa na shida ya namna hii ana majirani wa kumsaidia: kuna vituo vya mbizi Nungwi na Kendwa. Hapa hana.

Atatokea wa kusema kwamba mji uliobomolewa na mafuriko ya Mto Mulongwe mwezi Aprili 2020 una mahitaji makubwa kuliko oringi. Ni kweli. Lakini udongo ule ule ulioshuka na mafuriko uliishia ziwani, juu ya mawe yale yale, na wa kueleza umefanya nini huko ni mtu aliye chini ya maji. Halafu kuna ajali. Mwezi Septemba 2019 gari lilitumbukia kutoka kwenye feri ya Likoni, Mombasa, na wapiga mbizi walihitaji karibu wiki mbili kulitoa. Tarehe 3 Oktoba 2024 boti ilizama Ziwa Kivu, karibu kabisa na bandari ya Kituku, Goma. Regyuleta isiyokuwa tayari siku ya ajali haitengenezwi siku hiyo.

Mkataba wa ziwa ulitiwa saini Dar es Salaam mwezi Juni 2003 ili nchi nne zifanye kwa pamoja kile ambacho kila moja peke yake ingekihangaikia. Sevisi ni mfano mzuri wa jambo hilo. Kampuni nyingi huwauzia vipuri mafundi waliofunzwa nazo tu. Nchi nne zikinunua aina nne za regyuleta, hakuna fundi atakayezimudu. Mamlaka ichague aina moja. Igharimie mafunzo ya mafundi wawili kutoka kila nchi, wawili ili mmoja akihama kazi isife. Karakana iwekwe Uvira, penye Kituo cha Utafiti wa Haidrobiolojia, mwendo mfupi kutoka makao makuu yenu: meza safi, geji ya shinikizo, beseni la kusafishia, grisi ya silikoni, na vichujio vya kompresa ya kujazia mitungi, maana hewa iliyochanganyika na moshi wa injini huua hata kupitia regyuleta mpya. Vipuri vya sevisi moja ni makumi ya dola. Seti mpya ni mamia.

Mheshimiwa, kabla ya fedha yoyote kutafutwa, viandikieni vituo vyote vya utafiti na vikosi vya uokoaji vya ziwa hili, kila kimoja kijibu kina regyuleta ngapi, za aina gani, na ya mwisho ilifunguliwa na fundi tarehe gani. Majibu yachapishwe.