Mafundi wa moto wakingwe dhidi ya asbesto

Mafundi wa kuchomelea, wahunzi na mafundi wa gereji wa Musoma, Bunda na Butiama hawapaswi kushika asbesto bila kuambiwa hatari yake, na ukaguzi wa karakana zao uanze sasa.

Asbesto haiungui. Ndiyo maana kwa miongo mingi ilitiwa katika breki, klachi, gasketi, glavu za tanuri na kinga za joto za boila. Vifaa hivyo vikichakaa huishia kwenye skrepa, na anayevikata au kuvipuliza kwa kompresa huvuta nyuzi za asbesto zisizoonekana kwa macho. Kitambaa puani hakizizuii.

Shirika la Afya Duniani limeshasema kuwa aina zote za asbesto husababisha saratani. Ugonjwa huchukua miaka 20, hata 40, kujitokeza. Kijana anayejifunza kazi leo akiugua uzeeni, nani atamfidia? Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi hutegemea michango ya mwajiri. Fundi wa chini ya mwembe hana mwajiri. Hilo ndilo linalotuumiza zaidi.

Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ipo tangu 2003. Wenye dhamana wafike karakanani, wapime vifaa vinavyoshukiwa, wagawe barakoa zinazofaa, wafundishe kulowesha vumbi kabla ya kusafisha, na watenge mahali salama pa kuzika mabaki.