Kelele za Pikipiki Si Nguvu

Kaa stejini nusu saa tu utasikia. Kijana anafika na boda boda inayonguruma kama trekta, wenzake wanamzunguka, naye anavimba kichwa na kusema, "Nimefungua hewa, sasa haishikiki!" Maana yake ni kwamba fundi amemtolea filta ya hewa, au ametoboa kasha lake kwa msumari wa moto, akiamini kwamba injini ikipumua sana itakuwa na nguvu sana. Mimi napinga jambo hili.

Waama, lina chembe ya ukweli. Injini hula hewa na petroli pamoja. Gramu moja ya petroli huhitaji takriban gramu 14.7 za hewa ili iungue yote; ukitaka nguvu zaidi, unapunguza hewa kidogo hadi 13 hivi. Anayepima ni kabureta. Hewa ikipita kwa kasi kwenye koo lake jembamba, shinikizo hushuka (ni ile kanuni ya Bernoulli tunayoikariri bila kuiona), na petroli huvutwa kupitia jeti, kijitundu cha milimita moja hivi. Kijitundu hicho kilichaguliwa kiwandani pamoja na lile kasha na ile filta. Ukiondoa filta, hewa inaingia kwa urahisi lakini mvuto kwenye jeti unapungua. Hewa nyingi, petroli kidogo. Injini inachemka, inakohoa ukivuta mafuta ghafla, na plagi ukiitoa ni nyeupe kama chaki. Hebu fikiria kukohoa huko kukupate unapolipita lori, na nyuma umebeba mama na mtoto!

Kwa hivyo anayefungua hewa lazima abadilishe jeti pia: aweke yenye tundu kubwa kidogo, aendeshe, atoe plagi na kuitazama, arudie hadi iwe ya kahawia kama chai ya maziwa. Mafundi wanaofanya hivyo wapo, na nawavulia kofia. Lakini wako wengine wanaochukua jeti ile ile ya zamani na kuipanua kwa waya! Tundu likishapanuliwa halirudi, wala hakuna ajuaye limekuwa namba ngapi.

Wengine hukosea kwa upande wa pili. Eldoret, penye mwinuko wa mita 2,100 hivi, hewa ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa karibu moja kwa tano. Jeti iliyofaa pwani, huku juu inamwaga petroli ya ziada. Sasa mtu anatia jeti kubwa zaidi eti apande mlima vizuri! Anachopata ni moshi mweusi na kukimbilia pampu kila mara.

Linaloniuma zaidi ni vumbi. Barabara zetu nyingi ni za murram, na chembe za mchanga ni ngumu kuliko chuma cha silinda. Bila filta zinaingia moja kwa moja, zinakwaruza silinda na kula ringi za pistoni, hadi injini inaanza kuchoma oili na kutoa moshi wa samawati. Aghalabu pikipiki yenyewe ni ya mkopo. Injini ikifunguliwa, kazi inasimama, mkopo hausimami.

Na faida yenyewe? Pikipiki ya sisi 150 hutoa nguvu za farasi kama 12. Tuseme fundi hodari ameongeza sehemu moja kwa ishirini. Hiyo haifiki hata farasi mmoja, labda punda. Abiria mmoja mnene anaimaliza. Kama shida ni mlima, sproketi ya nyuma yenye meno mengi zaidi itasaidia kuliko kutoboa kasha, ingawa mwendo wa juu utapungua. Lakini sproketi haipigi kelele, kwa hivyo haina sifa stejini. Debe tupu haliachi kuvuma!

Namwomba mwalimu wetu wa Fizikia atafute kabureta kuukuu, ailete maabara. Tuifungue kwa bisibisi, tuichomoe jeti na kuichungulia kwenye mwanga. Wengi wetu tuna kaka zetu stejini, na siku ya kufunga shule tungewaeleza kwa Kiswahili, maana kile kijitabu cha pikipiki kilikuja kwa Kiingereza na mpaka leo kimo ndani ya nailoni yake.