Ngozi ni Ukuta: Somo Linalostahili Kufundishwa Ngara na Biharamulo

Kiangazi kinapoingia katika wilaya za Ngara na Biharamulo, mkoani Kagera, hewa huwa kavu, nyasi za vilimani hunyauka, na miguu ya watoto waendao shule huwa myeupe kana kwamba imepakwa majivu. Watu wengi huuona weupe huo kuwa ni aibu ndogo ya mtu asiyejipaka mafuta. Kwa kweli huo ni ushahidi wa kisayansi kwamba ukuta unaoukinga mwili umeanza kupata nyufa. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika ngozi usemi huo ni kweli tupu.

Sehemu ya juu kabisa ya ngozi ni tabaka la seli zilizokufa. Mahali pengi mwilini unene wake haupiti sana sehemu moja ya hamsini ya milimita. Wataalamu hulifananisha tabaka hilo na ukuta wa nyumba: seli ni matofali, na udongo unaoyashikamanisha ni mafuta ya aina tatu, yaani seramaidi, kolesteroli na asidi za mafuta. Udongo huo ndio unaozuia maji ya mwili yasipotee ovyo, na vijidudu na sumu visipenye kwa urahisi. Ukuta wenyewe hujengwa upya daima, kwani seli huchukua takriban wiki nne kupanda kutoka chini hadi kubanduka.

Ujenzi huo unahitaji hali ya asidi kidogo. Uso wa ngozi yenye afya una pH ya karibu 5, hali sabuni ya kawaida ya kipande ina pH ya 9 hadi 10. Kwa kuwa kila hatua moja ya kipimo hicho ni badiliko la mara kumi, tofauti baina ya viwili hivyo ni ya mara elfu kumi au zaidi. Basi mtu anayejisugua mwili mzima kwa sabuni ya kufulia na dodoki, asubuhi na jioni, huondoa uchafu pamoja na udongo wa ukuta wake, tena huwapunguzia kasi mafundi wanaourekebisha. Matokeo yake ni mwasho, magaga na mipasuko, na wenye ukurutu huzidiwa.

Hata hivyo, haifai mtu yeyote aichukie sabuni kwa sababu hiyo. Ngara haijasahau mwisho wa Aprili 1994, wakimbizi wapatao robo milioni kutoka Rwanda walipovuka daraja la Rusumo kwa muda wa saa 24 hivi, na kambi ya Benako ikajaa watu. Katika msongamano wa namna hiyo, maji safi na sabuni ni silaha dhidi ya maradhi ya kuhara. Mikono ioshwe kwa sabuni kila inapopasa. Kinachopingwa hapa ni desturi ya kuusugua mwili mzima kwa sabuni kali hata pale ambapo maji matupu yangetosha.

Baada ya kuoga, ukuta unahitaji msaada. Wafugaji wa nchi za Maziwa Makuu walijipaka siagi ya ng'ombe tangu zamani, nao hawakukosea kutambua kwamba ngozi huhitaji mafuta. Sayansi imeongeza kwamba mafuta hayalingani. Mwaka 2005 ulichapishwa utafiti uliofanyika katika hospitali moja ya Dhaka, Bangladesh: watoto waliozaliwa kabla ya wakati waliopakwa mafuta ya alizeti walipata maambukizo ya damu pungufu kwa asilimia 41 kuliko wasiopakwa. Mafuta ya zeituni, ingawa husifiwa sana, yameonekana kuudhoofisha ukuta huo. Kwa mtu mzima na mtoto wa shule, mafuta mazito ya mgando yasiyo na manukato, yakipakwa ngozi ingali na unyevu, yanatosha kabisa.

Hatari kubwa kuliko zote ni mkorogo. Hidrokwinoni huzuia kutengenezwa kwa melanini, ambayo ni kinga ya mwili dhidi ya miale ya jua. Dawa kali za jamii ya steroidi huifanya ngozi kuwa nyembamba. Zebaki hupenya hadi katika damu na kuharibu figo. Vipodozi vyenye hidrokwinoni na zebaki vimepigwa marufuku nchini, na tangu 2019 usimamizi wa vipodozi uko chini ya Shirika la Viwango. Lakini marufuku pekee haitoshi. Ngara inapakana na nchi mbili, na hakuna mkaguzi awezaye kusimama katika kila njia ya miguu. Mlinzi wa mwisho ni akili ya kijana mwenyewe anapokabidhiwa kikopo kisicho na maelezo.

Kwa hiyo mzigo huu ni wa shule. Ngozi isifundishwe kwa mchoro wa kunakili ubaoni tu. Wanafunzi waloweke sabuni za aina mbalimbali na kuzipima kwa karatasi ya litmasi. Wafunike ngozi ya mkono kwa mdomo wa glasi kavu kwa dakika chache, waone ukungu wa maji yatokayo mwilini bila kuonekana. Wasome maandishi ya vikopo vinavyouzwa gulioni na kuuliza kila kiungo kina kazi gani. Mwanafunzi aliyekwisha kuona kwa macho yake jinsi ukuta huo unavyofanya kazi hatalipa fedha ili aubomoe.