Sauti Moja, Spika Moja

Kipya kinyemi, kingawa kidonda. Methali hii imepata mfano wake katika namna taarab ya kale inavyotendewa siku hizi. Santuri zilizorekodiwa kwa mono hupigwa kwa sindano isiyo yake, zikatiwa mwangwi ili zipate ule uitwao upana wa stirio, kisha nakala zake zikasambazwa kwa jina la kuhifadhi utamaduni. Huko si kuhifadhi. Huko ni kuupaka rangi mlango wa mchongo na kudai kuwa umesafishwa.

Siti binti Saad alipokwenda Bombay na wenziwe mwaka 1928 kurekodi kwa kampuni ya His Master's Voice, sauti yake na ala zilizomfuata zilitiwa katika mfuo mmoja. Santuri za stirio hazikuenea madukani mpaka miaka thelathini baadaye, mwaka 1958. Uso mmoja wa santuri ya mizunguko 78 ulichukua dakika tatu hivi, na mshairi alilazimika kuyapima maneno yake. Kila neno linalopotea leo ni neno lililochaguliwa kwa taabu.

Nalo hupotea kwa sababu zinazojulikana. Katika mfuo wa mono wimbo wote umo katika mwendo wa sindano wa kushoto na kulia. Kichwa cha stirio husoma pia mwendo wa kupanda na kushuka, ambao katika santuri hizo hauna wimbo ndani yake, una vumbi na mikwaruzo tu. Njia mbili za kichwa zikiunganishwa kuwa moja, kelele za mwendo huo hujifuta zenyewe. Amplifaya nyingi za zamani zina kitufe cha kazi hiyo. Wenye nacho hawakigusi.

Sindano nayo ina kipimo chake. Ncha ya stirio ina nusu kipenyo cha maikromita 18 hivi, na mfuo wa 78 huhitaji ncha ya maikromita 65 hadi 75. Ncha nyembamba huzama mpaka chini ya mfuo mpana, ikawa inakwangua uchafu badala ya kuegemea kingo zenye sauti. Tena, amplifaya hupunguza sauti nyembamba kwa kanuni iliyoenea baada ya mwaka 1954, ilhali santuri za miaka ya 1920 hazikurekodiwa kwa kanuni hiyo. Mwimbaji husikika kama aliyefunikwa shuka, na herufi za mwanzo kufa ni zile za s, sh, f na th. Hapo thamani huwa samani, na kosha huwa kosa. Shairi lililopoteza herufi zake limebaki na nini, ila lahani?

Wapo wanaodai kwamba masikio ya leo yamezoea stirio. Hoja hiyo haina mashiko. Stirio humtaka msikilizaji akae peke yake katikati, mbele ya spika mbili. Akisogea hatua mbili, mwimbaji naye huhama upande. Lakini taarab husikilizwa na watu waliokaa kuizunguka sebule, mgongo ukutani, na hakuna aliye katikati. Spika moja iliyowekwa usawa wa masikio ya aliyekaa, mbali na pembe ya chumba, humpa kila mmoja mwimbaji yule yule, mahali pale pale.

Wapo pia wanaoapa kwamba ukweli umo katika gramafoni ya tarumbeta na sindano ya chuma. Mapenzi hayo yanaeleweka, lakini yanaua kinachopendwa. Kichwa cha gramafoni huikandamiza santuri kwa uzito wa gramu 100 na zaidi. Cha umeme hutosheka na gramu 3 hadi 5. Kila wimbo unapopigwa kwa chuma, sehemu yake hubaki unga juu ya sahani.

Wala haki hii haidai utajiri. Yatosha mashine moja yenye mwendo wa 78, sindano ya kipimo chake, amplifaya yenye kirekebishi cha sauti nyembamba, na spika moja njema. Sahani ioshwe kwa maji yaliyosafishwa, isiguswe na spiriti, kwani spiriti huyeyusha lakiti ya santuri hizo. Anayetaka kutia mwangwi na atie, ila katika nakala ya pili. Ya kwanza ibaki kama ilivyotoka katika mfuo.

Santuri hizo huvunjika zikianguka, na hakuna kiwanda kitakachozirudisha. Anayezinakili leo kwa uzembe huenda ndiye wa mwisho kuzinakili, na wajukuu watakaosikiliza nakala yake watadhani kwamba waimbaji wa kale hawakutamka maneno sawasawa. Hilo litakuwa tusi kwa wasioweza tena kujitetea. Usiache mbachao kwa msala upitao.