Bei ya Mkate wa Jean Valjean



Wengi wenu mmekutana na Les Misérables ya Victor Hugo darasani, katika masomo ya Kifaransa, ijapokuwa kwa vipande vifupi. Kila tunapoizungumzia vikundini nasikia maoni yaleyale. Wako wanaoisifu kwa sababu imewaliza. Wako wanaouliza kwa nini tusome habari za njaa ya Wafaransa wa zamani, ilhali yetu tunaijua bila kufundishwa. Na daima yuko mmoja, mwenye akili kali, anayesema kwamba Askofu Myriel aliwadanganya askari, na kwamba katekista hapaswi kumtoa kuwa mfano.

Swali la pili ndilo zito, nami nataka kulijibu kwa kirefu.

Tukumbuke kwamba kwa Hugo mwenyewe hizi zilikuwa habari za kale. Alikitoa kitabu mwaka 1862, akiwa uhamishoni katika kisiwa cha Guernsey. Hadithi yaanza 1815, na mzizi wake, yaani mkate ulioibwa, uko nyuma zaidi, mwaka 1795, kabla yeye hajazaliwa. Wasomaji wa siku zile waligawanyika kama ninyi. Yasimuliwa kwamba wafanyakazi walichangishana fedha ili wapate nakala moja ya pamoja. Baudelaire alikisifu gazetini, kisha akakiponda katika barua kwa mama yake. Lamartine, mshairi aliyekuwa kiongozi katika serikali ya muda ya 1848, alihofu kwamba kitabu kingewatia maskini kiu ya mambo yasiyowezekana. Kanisa nalo likakiweka katika orodha ya vitabu vilivyokatazwa mwaka 1864, wala hakikuondolewa humo hadi 1959. (Mnakisoma leo kwa uhuru ambao babu zenu wa shule za misheni hawakuwa nao.)

Kwa maoni yangu, waliolia na walioogopa wote walipitwa na jambo moja, nalo ni hesabu.

Tazameni habari za Fantine. Amefukuzwa katika kiwanda cha shanga nyeusi kule Montreuil-sur-Mer, kwa kuwa imejulikana ana mtoto pasipo ndoa. Sasa anashona mashati ya askari. Apata sou 12 kwa siku, na sou 20 ndizo faranga moja. Mtoto wake, aliyemwacha kwa akina Thénardier, anamgharimu sou 10. Kisha mkandarasi anayewatumikisha wanawake wafungwa kwa malipo duni anashusha bei ghafla, na ujira wa washonaji walio huru unaanguka hadi sou 9, kwa kazi ya saa 17. Hapo msomaji hahitaji kuambiwa kitu. Tisa haiwezi kulipa kumi. Akina Thénardier wanadai faranga 10 za sketi ya sufu, Fantine anauza nywele zake. Wanadai 40 za dawa, kwa ugonjwa ambao haupo, anauza meno yake mawili ya mbele. Wanadai 100, naye hana cha kuuza ila mwili wake.

Wanaosema kwamba mwanamke huyo aliharibika kwa udhaifu wa tabia wamesoma sura hizo wakiruka tarakimu. Na wanaomlilia bila kuuliza ni nani aliyeshusha bei ya shati, nao wameziruka. Machozi hayo ni ya bei rahisi. Yatakauka kabla ya ukurasa kufunuliwa.

Lakini kuna mahali ambapo Hugo mwenyewe anaacha kuhesabu, na hapo ndipo ninapodiriki kumkosoa. Ni pale penye mkate. Tunaambiwa kwamba Valjean alikuwa mpogoaji wa miti, akipata sou 24 kwa siku katika majira ya kazi hiyo, na kwamba aliishi na dada yake mjane mwenye watoto saba. Majira ya baridi yakawa makali, kazi ikakosekana, mkate ukakosekana. Akavunja kioo cha mwokaji. Kumbe njaa ya 1795 haikuletwa na baridi peke yake, ingawa baridi ilikuwa kali kweli. Mnamo Desemba 1794 serikali ilikuwa imefuta sheria iliyoweka kikomo cha bei. Fedha ya karatasi, iliyoitwa assignat, ilichapwa bila kipimo hata ikapoteza thamani karibu yote. Mwenye shamba hakutaka kuuza nafaka yake kwa karatasi. Mjini Paris, katika miezi ya Aprili na Mei 1795, watu waliingia kwa nguvu katika ukumbi wa wabunge wakidai mkate. Mwandishi anatutajia sou 24 kana kwamba sou ni sou sikuzote, na lawama ya kwanza anaibebesha hali ya hewa.

Sasa ndugu zangu, ni msomaji gani atakayeliona pengo hilo upesi kuliko sisi? Wazazi wenu waliishi Zaire ya mwaka 1993. Waliiona noti ya zaire milioni 5, ambayo wafanyabiashara waliikataa, na askari waliolipwa kwa noti hiyo wakafanya uporaji wa Januari, kama walivyofanya wenzao mnamo Septemba 1991. Waliona, mnamo Oktoba mwaka uleule, zaire milioni 3 zikigeuzwa kuwa zaire mpya moja, ambayo watu wa Kasai waliikataa kabisa. Mtu aliyewahi kubeba mfuko wa noti kwenda kununua unga hawezi kuamini kwamba njaa huletwa na majira tu. Ndiyo maana siwakubalii wanaosema kwamba habari za njaa tunazo za kutosha. Njaa tunayo, habari zake bado hatujaziandika wala kuzisoma inavyostahili, na kitabu cha mgeni kinatufundisha namna ya kuhesabu, hata pale kinapokosea hesabu.

Mtaniuliza basi kama namwondolea Valjean hatia. Lamartine angeuliza vivyo hivyo. Someni sura inayomwonyesha gerezani Toulon, akiketi kuwa hakimu, na mshtakiwa wa kwanza ni yeye mwenyewe. Anakiri kwamba hakuwa mtu asiye na kosa, na kwamba pengine asingenyimwa mkate kama angeuomba. Ndipo anapoigeukia jamii iliyomnyima kazi, kisha ikamfunga miaka 19 kwa kuunganisha adhabu ya mkate na zile za kutoroka, naye anaihukumu. Sura hiyo haimpi mwizi ruhusa, wala haimwachi hakimu aende nyumbani akiwa na amani.

Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2408, inafundisha kwamba si wizi kutumia mali ya mwingine katika hitaji la dharura lililo wazi, ikiwa ndiyo njia pekee ya kupata chakula, malazi au mavazi. Pimeni kwa maneno hayo uporaji wa mwaka 1991 na wa 1993. Aliyebeba unga kwa sababu watoto walikuwa hawajala, na aliyebeba friji, hawasimami mahali pamoja. Na waliochapa noti wasimame wapi? Najua kwamba katika familia nyingi swali hili linawasha bado, na baadhi ya wazee hawatalipenda. Ni afadhali lianzie kwa Valjean, ambaye si jirani wa mtu.

Kuhusu uongo wa askofu, msichana mmoja alinijibu vizuri kuliko nilivyoweza kumjibu mwenzake aliyeuliza. Alisema: tazameni saa. Kabla askari hawajabisha mlango, askofu alikuwa amekwisha kumwambia mtumishi wake kwamba vyombo vile vya fedha vilikuwa mali ya maskini, na kwamba yeye alikuwa amevizuia kwa muda mrefu pasipo haki. Askari walipofika, vyombo havikuwa vyake tena. Waliobaki wakabishana hadi giza likaingia, maana vinara viwili alivyoviongeza baadaye ni shauri jingine.

Kikundi kinachotaka kukisoma kisianze na askofu. Kianze na Fantine, na kila mmoja ashike kalamu, aandike kila kiasi kinachotajwa: ujira, kodi, bei ya nywele. Kisha mwende nyumbani mkawaulize wazazi na babu zenu, kwa adabu, waliuza nini mwaka 1993, na waliuza kwa kiasi gani.